Chakula Kigumu kwa Watu Waliochoka

Somo: Waebrania 5:11–6:3, 7:1–25

Katikati ya mafundisho juu ya ukuhani wa Yesu, mwandishi wa Waebrania anakatisha maneno. Amemtaja Melkizedeki na ana mengi ya kueleza, ila wasomaji wake wamekuwa wazito wa kusikia. Kwa muda waliokaa katika imani wangekuwa walimu sasa, lakini bado wanahitaji maziwa kama watoto wachanga.

Tusiwahukumu upesi. Sura ya 10 inashuhudia kwamba walivumilia matukano, waliwahurumia waliofungwa, na walipokea kwa furaha kunyang'anywa mali zao. Sura ya 6 inasema walikuwa wangali wakiwahudumia watakatifu. Kumbe mtu anaweza kutumika kwa moyo, kutoa na hata kuteswa kwa ajili ya Yesu, huku akibaki mchanga katika Neno. Na uchanga huo ulikuwa umeanza kuwagharimu: walikuwa wamechoka, na baadhi yao walikwisha kuacha kukusanyika.

Wengi wetu tungewapa watu kama hao neno fupi la faraja. Mwandishi huyu anataja misingi waliyokwisha kuwekewa, yaani toba, imani, mabatizo, kuwekewa mikono, ufufuo na hukumu ya milele, kisha anawataka wasonge mbele. Na anachowaandalia wachovu hawa ni somo la Melkizedeki.

Tazama anavyoyasoma Maandiko. Katika Agano la Kale, Melkizedeki anatajwa mahali pawili tu: Mwanzo 14, anapombariki Abramu na kupokea fungu la kumi, na Zaburi 110:4, Mungu anapoapa juu ya kuhani wa milele. Ni aya chache ambazo sisi huzipita haraka. Mwandishi anaziweka pamoja na kuuliza: kama ukuhani wa Walawi ulitosha, kwa nini Mungu aliahidi kuhani wa namna nyingine? Anaona hata kile ambacho Mwanzo haisemi, kwamba kuzaliwa na kufa kwa Melkizedeki, mfalme wa Salemu, hakukuandikwa. Makuhani wa Walawi walipokezana kwa sababu kifo kiliwaondoa mmoja baada ya mwingine. Yesu, aliyetoka kabila la Yuda, ni kuhani kwa uzima usioharibika. Basi aweza kuwaokoa kabisa wanaomjia Mungu kwa yeye, kwa kuwa yu hai sikuzote akiwaombea.

Hapo ndipo mchovu anapopata nguvu. Siku anaposhindwa hata kuomba, yuko Mmoja anayemwombea bila kukoma. Faraja hii ilikuwa imelala katika aya chache za Mwanzo na Zaburi, ikimngoja msomaji mwenye subira.

Kukomaa kunaonekana pia katika kupambanua mema na mabaya, uwezo ambao sura ya 5 inasema huja kwa mazoezi. Anayemjua Kuhani wake hatauziwa maji wala mafuta ya upako kana kwamba bila hayo Mungu hamsikii. Hatamruhusu mtu yeyote, hata awe na jina kubwa namna gani, akae mahali pa Kristo. Asiyemjua atayumbishwa na kila sauti mpya, hata kama hakosi ibada.

Wiki hii, soma Mwanzo 14:17–20, kisha Zaburi 110 yote, kisha Waebrania 7. Soma polepole, andika maswali yako, na uyapeleke kwenye jumuiya yenu au kikundi chenu cha Biblia. Usipoelewa yote siku ya kwanza, rudia kesho. Akili huzoezwa kwa kutumiwa.

Sala: Bwana Yesu, Kuhani wetu uliye hai, utusamehe uvivu wa kusikia. Utupe njaa ya Neno lako na subira ya kulichimba, ili tukujue, tukushikilie, na tuwafundishe wengine. Amina.