Ukutani, Mbele ya Papa

Kule Palau, visiwani katika Pasifiki ya magharibi, kuna mahali pa kuzamia panapoitwa Blue Corner. Mwamba wa matumbawe unatandaa chini ya maji, kisha unakatika ghafla ukawa ukuta unaoshuka hadi jicho lisipofika. Mkondo unaopiga pale ni mkali, na mzamiaji hashindani nao. Huchomeka kulabu penye jiwe lisilo na matumbawe hai, akaiachia kamba inyooke, akaelea kama tiara. Kuanzia hapo hana kazi tena ila kupumua na kutazama.

Papa wa kijivu huja wenyewe. Hupita ukingoni wakiukabili mkondo, na mikia yao, yenye pindo jeusi, haichezi sana. Maji yanayopanda ukutani yanawabeba. Akikukaribia mmoja, utaziona zile nyufa tano za pembeni mwa kichwa zikifunguka na kufumba. Naye anapumua.

Kwenye pua yake papa ana vitundu vidogo vilivyojaa ute. Kwa vitundu hivyo huhisi umeme hafifu unaotoka katika misuli ya kiumbe aliye karibu naye, moyo ukiwemo. Hili nimelitafakari sana. Huku juu tunajulikana kwa majina, kwa kazi, kwa ukoo, kwa sura tunazovaa mbele za watu. Kule chini hayo yote hayana mwenye haja nayo. Papa hupata habari za mwili ulio hai, basi, akajiendea zake. Kujulikana namna hiyo, na usitakiwe kitu, kwangu ni ibada kuliko maneno mengi niliyoyatamka nikiwa nimepiga magoti. Hofu haiondoki, wala siombi iondoke. Inatulia tu, ikawa adabu.

Machifu wa Palau tangu zamani wana desturi iitwayo bul: sehemu ya mwamba hufungwa, isivuliwe, mpaka samaki wazaane tena. Mwaka 2009 taifa lile likatangaza bahari yake yote kuwa hifadhi ya papa, ya kwanza duniani. Kwingineko papa wanakatwa mapezi na kurudishwa majini wangali hai, wazame wafe, na baadhi yao bila kuogelea hawawezi kupumua. Katika dua zangu siku hizi nawataja na hao. Nawataja pia wanaoshika kisu, maana nao wametoka nyumbani kutafuta riziki.