Nyama Haizai Mabuu

Jumapili iliyopita tulisoma Kutoka 16, pale Waisraeli walipokatazwa kubakiza mana hadi asubuhi. Wengine wakabakiza. Kulipokucha ilikuwa na mabuu, na inanuka. Baada ya ibada mzee mmoja wa kamati ya ujenzi alinisimamisha mlangoni. "Pasta, hivi vitabu vya risiti mnatuletea vya nini? Nimeokoka miaka 19. Sasa mnaniona mwizi?" Sikuwa na jibu, na aliondoka ameumia. Nimempigia simu, amekubali niandike bila jina lake.

Turudi kwa mabuu, na mnisamehe kama mnasoma mkiwa mezani. Zamani watu wengi, hata wasomi, waliamini kwamba nyama ikikaa inazaa mabuu yenyewe. Mwaka 1668 daktari Mwitaliano, Francesco Redi, alichapisha majaribio yake. Aliweka nyoka, samaki na nyama ya ndama ndani ya chupa. Nyingine akaziacha wazi, nyingine akaziziba kabisa. Zilizo wazi zilijaa mabuu. Zilizozibwa hazikuwa na hata mmoja, ingawa nyama ilioza. Ili mtu asiseme ni kukosa hewa, akafunika nyingine kwa kitambaa chepesi chenye matundu madogo, kama neti. Harufu iliwaita nzi, wakaja, wakatua juu ya kitambaa na kutaga pale pale. Mabuu walionekana kwa kitambaa, si kwa nyama.

Nzi wa nyumbani anaweza kutaga mayai zaidi ya 100 kwa mara moja. Kukiwa na joto, yanaanguliwa kabla siku haijaisha. Buu hana miguu, kazi yake ni kula tu. Baada ya siku chache anatafuta mahali pakavu, ngozi yake inakuwa ganda gumu, na humo anatoka nzi mwingine wa kutaga. Yaani ukiona mabuu leo, aliyewaleta alishatua na kwenda zake.

Mtu akila pesa ya watu huwa tunasema pesa imemharibu, ama tunasema alikuwa mbovu tangu mwanzo. Nilisomea biashara, na darasani mambo ya ukaguzi yalifundishwa kama hesabu tu. Nilikuja kuyaelewa kwa aibu. Kabla ya kuingia huduma nilikuwa mweka hazina wa chama cha watu 12, na pesa ilikaa kwa simu yangu. Mwezi mmoja nilichukua 3,000, nikajiambia narudisha Ijumaa. Nilirudisha kweli. Mwezi uliofuata ikawa 8,000. Hakuna aliyeuliza, maanake mimi ndiye nilikuwa nafungua kikao na maombi. Waliniamini, wakaacha chupa wazi. Na wapendwa, nilikuwa naomba na kufunga miezi hiyo yote. Kilichonisimamisha ni mama mmoja aliyesema, bila hasira, "Kijana, hebu tuone taarifa ya M-Pesa."

Anayejua Marko 7 ataniuliza, si Yesu alisema uovu hutoka ndani ya mtu? Ndiyo. Hapo mfano wa nyama unaniacha. Nyama haichagui kukaa wazi, lakini mimi nilichagua, na lawama ni yangu, si ya wale wanachama. Lakini siwezi kujidanganya kwamba moyo ulionidanganya mara mbili sasa unatosha kujilinda wenyewe.

Kwa hivyo mzee wangu, anayefunika nyama hajasema imeoza. Nyama iliyooza hakuna anayeihangaikia kuifunika, inatupwa. Nimeelewa pia kosa letu: tulileta vitabu kwa kamati yako, na ofisi ya wachungaji ikabaki bila. Jumanne jioni nitapita kwako na risiti zangu za mafuta na za wageni, kuanzia Januari. Utaanza kukagua zangu.