Miaka Kumi na Mitano ya Hezekia

Masomo: Isaya 38 na 39, 2 Wafalme 21:1



Mfalme Hezekia alikuwa mahututi kitandani nabii Isaya alipomjia na neno fupi: aitengeneze nyumba yake, kwa kuwa hataamka tena. Hezekia akageukia ukuta, akaomba, akalia sana. Mungu akamsikia, akamwongezea miaka 15.

Wengi wetu hufunga Biblia hapo na kusema amina. Leo naomba tusonge mbele kidogo. Mauti yaliahirishwa, lakini agizo la nyumba halikufutwa. Katika sura ya 39 tunamkuta Hezekia amepona, anawatembeza wajumbe wa Babeli katika hazina zake, akiwaonyesha fedha, dhahabu na silaha. Isaya alipomwambia kwamba hayo yote yatachukuliwa, na hata wanawe, alijifariji kuwa siku zake mwenyewe zitakuwa na amani. Alipofariki, kiti cha enzi kilimwangukia Manase, mtoto wa miaka 12, aliyezaliwa ndani ya ile miaka ya nyongeza.

Huku kwetu nimemkumbuka Hezekia mara nyingi. Kutoka Ruiru hadi Thika, palipokuwa na mibuni leo pana maghorofa ya kupangisha. Mengi yamejengwa na watu waliojinyima: mwalimu, mfanyakazi wa kiwandani, mama wa sokoni. Kisha mwenye ploti anafariki. Tukirudi kutoka kaburini, kabla turubai halijakunjwa, swali linazuka: hati iko wapi? Mjane anapekua sanduku na kutoa cheti cha hisa cha kampuni ya kununua ardhi, makubaliano yaliyoandikwa kwa mkono, kadi ya Sacco, chama cha akiba na mikopo. Madeni hayajui. Katika Sacco, mrithi aliyeandikwa ni shemeji yake, kwa sababu marehemu alijaza fomu kabla ya kuoa na hakuirudia tena. Wahenga walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.

Wapo wanaoogopa wosia wakidhani ni kujitakia kifo. Hezekia aliambiwa aitengeneze nyumba yake, na bado akaishi miaka 15. Wosia hauiti mauti. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, inayotumika tangu 1981, haidai mengi. Uwe mtu mzima mwenye akili timamu; utie sahihi mbele ya mashahidi wasiopungua 2, nao watie zao. Usimweke shahidi mtu unayemwachia kitu, maana anaweza kukikosa. Maneno uliyosema kwa mdomo mbele ya mashahidi 2 yana nguvu tu iwapo utafariki ndani ya miezi 3. Na ukibadili nia, una ruhusa kuandika upya.

Usipoandika, familia yako itaanza kwa barua ya chifu, iende mahakamani, ombi lao litangazwe katika Gazeti rasmi la serikali, na kwa siku 30 yeyote mwenye pingamizi alete. Ndugu mmoja mwenye kinyongo anaweza kuikwamisha kesi kwa miaka mingi, na wakati huo kodi ya nyumba ndiyo chanzo cha ugomvi. Kabla mahakama haijatoa idhini, kuuza au kugawa mali ya marehemu ni kosa la jinai, hata kwa kifungua mimba.

Wazee wangu, nawasihi juu ya mambo mawili yanayotuaibisha. La kwanza ni mabinti. Katika Hesabu 27, binti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa wakadai fungu la baba yao, na Mungu akasema wana haki. Sheria yetu nayo, mzazi asipoacha wosia, haimtengi binti na mwana, wala haimtengi aliyeolewa. La pili ni familia iliyofichwa. Tumeona mama mwingine akifika siku ya mazishi na watoto wanaofanana na marehemu. Watoto hao hawakukosa lolote. Ungama ukiwa hai, mbele ya Mungu na mbele ya mkeo, ili usiwaachie wengine kulisema hilo juu ya jeneza lako.

Tufikirie pia uzee wenyewe. Mtumishi wa serikali kwa kawaida hustaafu akiwa na miaka 60. Fedha za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee, shilingi 2,000 kwa mwezi, ni za mzee aliyefika 70. Hapo katikati kuna miaka 10 ya kula, kutibiwa na kulipa kodi. Aliyeajiriwa hukatwa fedha za NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Mama mboga na kijana wa bodaboda hawana wa kuwakata, basi na wajikate wenyewe, kidogo kidogo, wangali na nguvu. Tusiwageuze watoto wetu kuwa pensheni. Nao wana karo na kodi zao. Na wewe uliyejaliwa ploti, usiigawe yote leo ukabaki mgeni katika boma lako mwenyewe.

Bwana Yesu, akiwa msalabani katika uchungu wote ule, alimtazama mama yake akamkabidhi kwa mwanafunzi aliyempenda. Kumpangia makao unayemwacha ni upendo.

Hezekia alijua ana miaka 15; sisi hatujaambiwa yetu ni mingapi. Basi wiki hii, jioni moja, keti na mwenzako mfungue daftari. Andikeni mlicho nacho, mnachodaiwa, mnachowadai watu, na mahali zilipo hati. Nenda kwenye Sacco uulize ni jina la nani limeandikwa kwenye fomu yako. Kisha waiteni watoto, wana na mabinti, muwaambie wangali wanawasikia.