Wajibu wa Mwalimu kwa Wanafunzi Wasiolingana Fahamu

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyemtukuza mwanadamu kwa elimu. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliye mbora wa waalimu, na jamaa zake na Sahaba zake.

Amma baad. Ndugu zetu Waislamu, maneno mengi husemwa juu ya nini wafundishwe watoto wetu. Leo twapenda kusema juu ya jambo lisilotajwa sana, nalo ni vipi wafundishwe. Kwani chakula chaweza kuwa kizuri na mtoto akalala na njaa, kwa kuwa aliyempa hakutazama kama anacho kinywa cha kukitafuna.

Tazameni darasa la chuo katika miji yetu wakati wa alasiri. Mara nyingi watoto arubaini au khamsini huketi mbele ya mwalimu mmoja, na wote husomeshwa somo moja kwa mwendo mmoja. Mmoja huisikia aya mara mbili akaishika. Wa pili masikio yake ni mazito, naye ameketi nyuma. Wa tatu hazitambui herufi mpaka aziandike kwa mkono wake. Wa nne fahamu yake ni njema, lakini akisimamishwa mbele ya wenzake hushikwa na hofu, akasahau hata alijualo. Mwisho wa mwaka yule wa kwanza huitwa hodari, na hawa watatu huitwa wazito wa kichwa. Jina hili likishamganda mtoto, hata yeye mwenyewe huliamini. Hutoroka chuoni, au huja mwili wake na moyo wake ukabaki uwanjani. Kisha akawa kijana wa miaka ishirini, Fatiha hajaisoma sawasawa, na haya zamzuia kuuliza. Huu ndio msiba tunaoulilia, wala si msiba mdogo, kwani Sala yake imo ndani yake.

Hebu natumtazame Bwana Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyokuwa akifundisha. Alipotaka kuwaonya Sahaba zake juu ya urefu wa matumaini na ufupi wa umri, hakutosheka na maneno. Abdallah bin Masud amepokea kwamba alipiga mistari chini ya umbo la mraba, akapiga mstari katikati uliotokeza nje, na vijistari vidogo ubavuni mwake. Akawaeleza kuwa huyu ni mwanadamu, na huu ni mwisho wake uliomzunguka, na lile lililotokeza nje ni tumaini lake, na vile vidogo ni misukosuko impatayo. Alipotaka watu waijue Sala, alipanda juu ya mimbari akasali hapo, akishuka chini kwa kusujudu, ili wa nyuma na wa mbele wote wamwone; kisha akawaambia kuwa alifanya vile ili wajifunze. Alipotaka neno lifahamike, alilikariri mara tatu. Na mawaidha yake aliyaweka kwa vipindi, kwa kuchelea wasije wakachoka. Jicho, sikio, ulimi na viungo, vyote alivisemesha.

Tena aliwajua watu wake mmoja mmoja. Aliulizwa na watu mbalimbali ni amali gani iliyo bora, na majibu yake hayakuwa mamoja. Zaid bin Thabit alipoonekana kuwa kijana mwepesi wa kusoma, aliamrishwa ajifunze maandishi ya Mayahudi, akayajua kwa muda wa nusu mwezi, kama alivyosimulia mwenyewe. Bilali alipewa adhana kwa uzuri wa sauti yake. Hassan bin Thabit aliwekewa mimbari msikitini kwa mashairi yake, wala hakulaumiwa kwa kutokuwa Khalid bin Walid. Na Muadh bin Jabal, pamoja na elimu yake kubwa, alikemewa kwa kuwasalisha watu kwa sura ndefu hata mmoja wao akajitenga, kwa kuwa nyuma ya imamu wako wanyonge, na wazee, na wenye shughuli zao. Lau imamu yampasa kumwangalia mnyonge aliye nyuma yake, basi mwalimu wa watoto amwangalieje?

Nayo Qurani yenyewe yatufunza jambo hili. Haikuteremshwa siku moja, bali kwa muda wa miaka kama ishirini na mitatu, ili ithibiti nyoyoni. Katika Sura ya Ibrahim Mwenyezi Mungu ametujulisha kuwa kila Mtume alitumwa kwa lugha ya watu wake, apate kuwabainishia. Nabii Musa, alipotumwa kwa Firauni, aliuona uzito wa ulimi wake, akaomba apewe nduguye Haruni, aliyekuwa fasaha zaidi. Akapewa, wala Utume wake haukupungua. Na Sura ya 80 ilishuka kwa ajili ya kipofu mmoja, Abdallah bin Ummi Maktum, aliyekuja kutaka elimu wakati wakubwa wa Makureshi wakisemeshwa. Kipofu yule baadaye akawa mmoja wa waadhini wa Mtume. Yapasa kila mwalimu aikumbuke sura hii kila aonapo mtoto aliye nyuma ya wenzake.

Wanachuoni wetu waliifuata njia hiyo. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alihesabu katika wajibu wa mwalimu kumpa mwanafunzi kadiri ya fahamu yake, asimtupie lile ambalo akili yake haijalifikia. Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoimaliza mwaka 1377, alieleza kuwa elimu hufundishwa kwa kurudiwa mara tatu: kwanza kwa jumla, kisha kwa ufafanuzi, kisha kwa yale magumu yake, na akaonya kuwa ukali humharibu mtoto, ukamfunza uongo na hila. Na hapa kwetu Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa Sahifa mwaka 1930, aliiandika kwa Kiswahili, ili watu wa mji wapate kufahamu dini yao kwa ulimi wao.

Lakini hapa yapasa tuangalie tusipotoke kwa upande wa pili. Siku hizi yaenea maneno kuwa kila mtoto ana namna yake moja tu ya kujifunza: huyu ni wa jicho, yule ni wa sikio, na huyo ni wa mkono, basi wagawanywe, kila mmoja afundishwe kwa mlango wake peke yake. Maneno haya yapendeza, lakini wataalamu wa elimu ya nafsi walipoyachunguza majaribio yaliyofanywa, katika uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2008, hawakuona ushahidi wa kutosha kuwa kumgawanya mtoto hivyo kwamzidishia elimu. Nasi twaona kuwa kumwita mtoto "wa jicho" hakuachani sana na kumwita "mzito wa kichwa". Yote mawili ni kumfunga kamba.

Lililo sawa ni kuwa kila somo lina mlango wake, na watoto wote hupitishwa hapo. Herufi za Qurani hupokewa kwa sikio kutoka kinywani mwa mwalimu, wala hakuna awezaye kuijua tajwidi kwa kutazama tu. Udhu hufundishwa kwa maji na birika, si kwa kukariri nguzo zake mdomoni. Mirathi haifahamiki ila kwa kuandika na kugawanya. Sira hutaka hadithi, nayo hadithi hutaka maswali. Mwalimu akikusanya njia hizi katika darasa moja, asiyeingia kwa mlango huu ataingia kwa ule. Kisha watofautiane kwa mwendo, na kwa msaada, na kwa kiasi cha kurudiwa. Huyu apewe aya tano, na yule apewe mbili azijue barabara. Bwana Mtume ametubashiria kuwa asomaye Qurani kwa taabu, huku akikwama, ana malipo mawili. Basi vipi sisi tumlipe bakora yule ambaye Mola wake amemwahidi thawabu maradufu?

Wako watakaosema: "Sisi tulipigwa, na tukajua." Wako hata wazee waliomkabidhi mwalimu mtoto kwa kumwambia kuwa nyama ni yake, wao wataka mifupa tu. Twawajibu kwa heshima: mwawahesabu waliobaki. Je, wale waliokimbia ni nani aliyewahesabu? Wala sheria ya nchi haiko pamoja na bakora, kwani Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 imekataza kumpiga mwanafunzi.

Fundi wa jahazi hautupi mti kwa kuwa umepinda. Ulionyoka huufanya mkuku, na uliopinda huufanya mataruma. Na jahazi isiyo na mataruma haivuki hata mlango wa bandari. Mwalimu asiyejua kuutumia mti uliopinda asiulaumu msitu.

Basi twawausia waalimu wetu mambo haya. Mtoto asiyeshika, kwanza atazamwe macho yake na masikio yake, na aketishwe mbele. Mwoga asomeshwe kando mpaka ulimi umfunguke. Aliyetangulia amsaidie mwenziwe, kwani afundishaye hujifunza mara ya pili. Kila siku mwalimu awaulize watatu au wanne walio nyuma kabla ya kuwauliza hodari, maana hao ndio mizani ya somo lake.

Na wazazi nao, na wasimamizi wa vyuo, wasimtwike mwalimu peke yake mzigo huu. Mwalimu mwenye watoto khamsini na ujira usiomtosha nauli hawezi kumjua kila mmoja. Zulia la msikiti laweza kungoja mwaka mmoja, lakini mtoto wa miaka saba hatangoja; mwakani atakuwa wa minane. Ziada ya fedha na iwe ya mwalimu wa pili, na ubao mkubwa, na vitabu vyenye herufi zinazosomeka. Na mzazi amwulize mwanawe kila usiku, si "umepigwa?" wala "umemaliza juzuu gani?", bali "leo umefahamu nini?"

Ewe Mola wetu, utuzidishie elimu yenye manufaa, uwape waalimu wetu subira na upole, na uzifungue nyoyo za watoto wetu kwa Kitabu chako, wepesi wao na wazito wao. Amin. Wabillahi tawfiq.