Sumu ya Shambani Isilale Sebuleni

Mjukuu wangu, nisikilize. Maua umeyajaza barazani na sebuleni, nami nafurahi kuyaona. Kinachoninyima usingizi ni ile chupa ya soda uliyotilia dawa ya wadudu wa nyanya, ukaificha nyuma ya chungu.

Iondoe, nakusihi. Wala usiimwage mfongoni, kwenye mfereji wetu, maana walio bondeni wanakunywa maji yale yale. Muulize bwana shamba akuelekeze.

Shambani upepo hupita. Chumbani hewa imetulia. Unachopulizia majani jioni, mtoto anayetambaa hukikuta sakafuni asubuhi, kisha anatia kidole mdomoni. Na mtoto mwenye kiu akiona chupa ya soda haulizi kuna nini ndani. Mdudu hufa siku moja, sumu huhamia.

Sisi tuliokulia kwenye kahawa tumeona mengi. Endosulfan, sumu ya wadudu, ilisifiwa miaka mingi kuwa dawa ya kazi. Mwaka 2011 mataifa yakaitia kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm ili itokomezwe. Waliobeba bomba mgongoni hakuna aliyewarudishia afya yao. Sifa ya dukani haitibu kifua, mwanangu.

Sasa fanya hivi. Geuza jani, maana wadudu hujificha chini yake na pale linapoungana na shina. Ukiona vitu vyeupe vya pamba pamba, hivyo ni vidung'ata. Ukiona utando mwembamba na vidoa vya manjano, huo ni utitiri, nao hushamiri kiangazi. Sisimizi wakipanda na kushuka, jua wamefuata maji matamu ya wadudu mafuta, na wanawalinda.

Chungu chenye wadudu kitenge na vingine. Badala ya sumu kuna sabuni ya kipande: kwangua kijiko kimoja cha chai, koroga kwenye lita moja ya maji. Sabuni ya unga iache, huunguza majani. Jaribu jani moja kwanza, ungoje siku moja. Likiwa salama, futa wadudu kwa kitambaa, pulizia chini ya majani jua likishatua, usuuze asubuhi.

Baada ya siku tano au saba rudia, kwa sababu mayai hayafi kwa sabuni. Rudia, mjukuu wangu. Wengi huchoka mara ya kwanza, wakakimbilia sumu. Asiye na subira humaliza wadudu na nyumba.

Ukimwona yule mdudu mwekundu wa mviringo mwenye madoa meusi, mwache, tafadhali. Chakula chake ni wadudu mafuta. Ukipulizia sumu, yeye naye anakufa, na wadudu mafuta wakirudi hawana wa kuwazuia.

Tena usidanganyike kwamba kila kinachoota ni salama. Utupa, mmea wa kihambani, shambani kwetu nyumbani, huua wadudu, lakini ukiingia majini huua samaki. Maji ya tumbaku nayo ni sumu kali kwa binadamu. Hivyo viwili visivuke kizingiti chako, nakuomba sana. Sumu iliyoota shambani ni sumu bado.

Ua likikushinda, lichome, uje kihambani nikukatie chipukizi jingine. Mapafu ya mtoto hayakatiwi chipukizi. Basi osha majani yako jioni hii, mjukuu wangu, na wiki ijayo uyaoshe tena.