Chapa ya Chuma na Jina la Mtu



Wapo watu, hasa Ulaya na Marekani, wanaokusanya rivolva za vita vya zamani, yaani zile bastola zenye silinda ya risasi sita inayozunguka. Kazi yao ya kwanza ni kuitambua silaha na kujua umri wake. Hawakisii. Rivolva ya Waingereza iitwayo Webley Mark VI iliingia jeshini mwaka 1915, Enfield Na. 2, yenye risasi ndogo zaidi, mwaka 1932. Kwa kawaida mwaka wa kutengenezwa umepigwa chapa ubavuni, na kila moja ina namba yake. Alama ya mshale huonyesha kuwa ni mali ya serikali. Mishale miwili iliyogusana vichwa huonyesha kuwa jeshi limekwisha kuiuza.

Je, ni vibaya kujishughulisha na chombo cha kuulia watu? Wengine husema ndiyo. Mimi sioni hivyo. Chuma hakina dhambi, na kutafuta ukweli wa mambo yaliyopita ni kazi njema. Ubaya huingia pale mtu anapofuta chapa na kupiga nyingine ili apandishe bei. Huo ni ushahidi wa uongo.

Lakini lipo swali zito zaidi, nalo latuhusu sisi wa Dar es Salaam. Katika vita vya 1914 hadi 1918, rivolva ilikaa kiunoni mwa ofisa. Askari alishika bunduki. Mpagazi alibeba mzigo kichwani, na wapagazi ndio waliokufa kwa wingi, kwa njaa na maradhi: upande wa Waingereza peke yake wanakadiriwa kuwa zaidi ya 90,000. Kariakoo, tunakokwenda sokoni kutoka Temeke, imepata jina kutokana na kikosi chao. Sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927, inawakumbuka wote kwa jumla, bila jina la hata mmoja. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba Waafrika wengi hawakukumbukwa kwa majina.

Basi, serikali iliyopiga namba juu ya kila bastola haikuona haja ya kuchonga jina la mpagazi. Kosa haliko katika kuitunza silaha, bali katika kuithamini kuliko mtu.

Nasi tusilaumu tu. Aliye na jina la babu aliyechukuliwa upagazi, aliandike leo katika daftari, pamoja na kijiji chake, awasomee watoto.

Mwalimu mstaafu, Temeke