Gari la Kukodi ni Amana

Msafiri wa Kalemie, Kongo, akivuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, Tanzania, na kukodi gari la otomatiki, hukuta kazi imepungua: hakuna pedali ya klachi, gia zinajibadilisha zenyewe. Je, na wajibu umepungua? Nasema hapana. Kongo huendesha upande wa kulia, Tanzania kushoto. Gia hizo hazimkumbushi dereva upande wake kwenye njia panda, wala hazisimamishi gari mtoto anapokatiza barabara. Mguu umepumzishwa, dhamiri haikupumzishwa.

Wapo watakaosema: nimelipa, basi hasara ni ya mwenye gari. Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, kinaelekea kuwaunga mkono, kwani mnyama wa kukodiwa akifa, kodi yake inatosha. Sheria ya Kiislamu nayo haimtozi fidia aliyekodi, ila akifanya uzembe au kuvuka mipaka. Lakini nafuu hiyo ni ya mwangalifu. Anayekimbiza gari asilolizoea amejitoa mwenyewe katika nafuu hiyo. Fedha hununua matumizi, hazinunui ruhusa ya kuharibu mali, sembuse uhai wa mtu. Basi, ndugu msafiri, jifunze gari na barabara kabla ya kuondoka. Ulichokodi ni amana, na amana hurudishwa salama.